Nani ameingia usiku? Kusoma dalili bandani, zizini na shambani kabla ya kuchukua panga

Mwaka ule nilipopoteza kuku tisa kwa usiku mmoja, nilimtuhumu mbwa wa jirani. Nilitamka maneno ya hasira mbele ya watoto wake, na tukakaa wiki sita bila kusalimiana. Mbwa hakuhusika hata kidogo. Kuku wote walikuwa wameumwa kichwani na shingoni, nyama haikuguswa, na banda zima lilikuwa na uvundo ambao yeyote aliyewahi kukutana na kicheche anaufahamu. Dalili zote zilikuwa mbele yangu, nami sikuzisoma.

Yafuatayo yametokana na matatizo yaleyale ambayo sisi wakulima wa bonde la Kilombero huulizana kila msimu, kuanzia mpunga unapopandwa hadi unapovunwa. Kwa kila tatizo nimetanguliza sababu inayotokea mara nyingi, pamoja na ukaguzi usiogharimu kitu.

Jambo la kwanza, kwa tatizo lolote: usifagie, usitoe mifugo, wala usiruhusu watoto wapite hapo mpaka umekagua ardhi. Kagua asubuhi mapema jua likiwa bado chini, kwa sababu kivuli huonyesha wayo vizuri. Weka kiberiti kando ya wayo ili ukubwa wake uonekane, kisha piga picha. Picha hiyo utaihitaji ukienda kwa mtendaji wa kijiji au afisa wanyamapori.

Kuku wamekufa, lakini hawakuliwa

Mara nyingi hapa hakuna mnyama aliyeingia. Ni mdondo, ambao wengine huuita kideri. Pekua manyoya ya shingo, kifua na mgongo wa kila mzoga. Kama huoni tundu la jino wala damu, na kuku waliobaki wanakoroma, wanaharisha kijani, mbawa zimelegea au shingo imepinda, basi ni ugonjwa. Watenge wanaoonekana wazima, zika au choma mizoga, na mwite afisa mifugo wa kata athibitishe. Usikimbilie kuuza waliobaki mnadani. Ndivyo mdondo unavyohama kutoka kijiji hadi kijiji. Hauna tiba. Kinga yake ni chanjo ya tone moja la jicho, inayorudiwa kila baada ya miezi mitatu, na gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na banda tupu.

Ukikuta majeraha ya meno kichwani au shingoni, na waliokufa ni wengi, mshuku kicheche. Akishaingia huua kupita anavyoweza kula. Zunguka banda ukitafuta mahali ngumi ya mtoto inapoweza kupita: chini ya mlango, kwenye kona, pale mvua ilipochimba. Matengenezo ya siku moja ni kuziba kwa mawe na udongo ulioshindiliwa. Matengenezo ya kudumu ni wavu wa matundu ya nusu inchi, uzikwe sentimita 30 ardhini na mkunjo wake uelekee nje, ili anayechimba akutane nao. Ule wavu mwembamba wa kuku ambao wengi wetu hununua humzuia kuku kutoka. Mnyama mwenye njaa huupasua.

Akichukuliwa mmoja mmoja kila baada ya siku chache, na kwenye paa kuna upenyo, huenda ni kanu. Yeye hupita juu. Ziba pengo kati ya ukuta na bati.

Mbao zikiwa zimeng'olewa au ukuta wa udongo umebomolewa, huyo ni nyegere. Hapa nasisitiza: ukisikia kishindo cha namna hiyo usiku, usitoke na fimbo kumkabili. Ngozi yake ni nene na imelegea, hageuki nyuma, na anauma vibaya. Piga debe ukiwa ndani, washa taa, subiri aondoke.

Kama vifaranga wamebaki mifupa na manyoya tu, ni siafu. Huja kwa wingi wakati wa mvua, usiku, na hawachagui. Wakati msafara bado unapita, kazi yako ni kuokoa: toa kuku, fungua mbuzi na ndama waliofungwa kamba, na kabla ya hao wote nyanyua mtoto mchanga aliyelala. Aliye huru hujiokoa mwenyewe, aliyefungwa hufa. Majivu mengi mlangoni husaidia kugeuza njia yao. Wakishapita ndani ya nyumba utakuta mende na panya wamekwisha, kwa hiyo usihangaike kuwamwagia dawa.

Mayai yanapungua

Angalia maganda. Yakiwepo yamevunjwa, na kuku mmoja ana ute wa njano mdomoni, kuku mwenyewe amejifunza kula mayai. Mara nyingi kiota kina mwanga mwingi au chakula kina upungufu wa chokaa. Maganda yaliyotapakaa karibu na jiwe au ukuta ni kazi ya nguchiro, ambaye hulirusha yai lipasuke. Pasipokuwa na ganda hata moja, fikiria kenge, nyoka, na pia binadamu. Okota mayai mara mbili kwa siku kabla ya kumtuhumu mtu.

Mbuzi au kondoo ameuawa zizini

Wanaoongoza ni mbwa wanaozurura, hata kama hatupendi kusikia. Dalili zake: wanyama kadhaa wamejeruhiwa kwa fujo, masikio yameraruliwa, miguu ya nyuma na mapaja yana majeraha mengi, na nyama iliyoliwa ni kidogo.

Fisi hufanya vingine. Huanzia tumboni na nyuma, huvunja mifupa mikubwa, na mara nyingi hubeba mzoga wote ukabaki utumbo na doa la damu. Chui huua kwa kukaba koo. Utaona matundu machache ya meno shingoni, halafu mburuzo unaoelekea kichakani au kwenye mti. Wayo wa fisi na wa mbwa huonyesha kucha. Wa chui na wa simba hauonyeshi, kwa sababu kucha zao huingia ndani anapotembea. Ukishika hilo moja tu, umeshatenganisha nusu ya wanaoshukiwa.

Kabla ya kununua chochote, jiulize: usiku ule mlango ulifungwaje? Mazizi mengi niliyoyaona yakivamiwa yalikuwa na ukuta mzuri wa miiba na mlango wa tawi moja. Anza na mlango. Kisha inua ukuta, na punguza vichaka vinavyoligusa zizi. Wafugaji wa Simanjiro wamefanikiwa kwa boma hai: hupanda vigogo vya miti inayochipua kwa urahisi kama nguzo, wakafunga wavu wa chuma juu yake, na kadiri miti inavyokua ukuta nao unaimarika. Huko Kitengela nchini Kenya, Richard Turere akiwa bado mtoto alibuni taa zinazowaka na kuzima kwa zamu kulizunguka boma, simba wakadhani kuna mtu anatembea na tochi. Taa hizo leo ziko kwenye maboma mengi.

Usiweke sumu kwenye mzoga. Nimeiona kazi yake. Mwenzetu alinyunyizia mzoga wa ndama dawa ya wadudu akimlenga fisi. Tukapoteza mbwa watatu wa kijiji, na tumbusi wakaanguka hadi karibu na kisima. Fisi hakurudi usiku ule, lakini kwa mwezi mzima kina mama walikuwa wanaogopa maji yale. Tumbusi ndio wanaosafisha mizoga yenye kimeta kabla haijatufikia sisi. Anayewaua anajiletea ugonjwa mwenyewe.

Acha kila kitu na uite askari wanyamapori iwapo mnyama bado yumo zizini, amejeruhiwa, au amerudi usiku wa pili. Chui aliyejeruhiwa akiwa kichakani hafuatwi na wanakijiji, hata wawe hamsini.

Ng'ombe au mbuzi tumbo limevimba upande wa kushoto

Tatizo hili husingiziwa nyoka karibu kila mara. Sababu ya kawaida ni gesi baada ya kula majani machanga yenye umande, hasa majani ya kunde, maharage au viazi. Gonga ubavu wa kushoto kwa vidole: ukilia kama ngoma, ni gesi. Msimamishe miguu ya mbele iwe juu ya mwinuko, mtembeze polepole, kisha mnyweshe mafuta ya kupikia: kama nusu lita kwa ng'ombe mzima, nusu kikombe cha chai kwa mbuzi. Mimina kidogokidogo bila kuinua kichwa sana, la sivyo mafuta yataingia kwenye mapafu.

Lakini kama anatoa udenda mwingi, ameinyoosha shingo na anakohoa, amekwamwa na embe, kiazi au gunzi. Huyo usimnyweshe kitu chochote. Mwite mtaalamu haraka. Na yule anayelala chini, ulimi nje, akipumua kwa shida, dakika zake ni chache. Mpigie afisa mifugo simu uelekezwe, wala usimchome kisu kwa kubahatisha. Uvimbe unaojirudia kila wiki bila sababu ya malisho mara nyingi maana yake amemeza mifuko ya plastiki.

Mbegu hazioti, mihogo imechimbwa, mahindi yamevunjwa

Mashimo madogo yaliyofuata mstari wa kupandia, siku chache baada ya kupanda, ni panya shamba. Katika maeneo yetu ndiye mwizi mkubwa kuliko wote, ingawa tembo ndiye anayezungumzwa. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro wamemchunguza kwa miaka mingi, na ushauri wa msingi ni rahisi: safisha majani kuzunguka shamba kabla ya kupanda, panda kwa wakati mmoja na majirani, na tegeni kwa pamoja. Ukitega peke yako, panya wa shamba la jirani watahamia kwako. Wiki mbili za mwanzo ndizo za kulinda kwa nguvu zote.

Miche iliyong'olewa mchana, mbegu ikaachwa au ikaliwa, ni kanga, kwale au kunguru. Mahindi mabichi yaliyomenywa, yakang'atwa kidogo na kutupwa, mengi kuliko yaliyoliwa, ni nyani au ngedere. Hao wanahitaji mtu shambani kuanzia alfajiri. Sanamu la matambara hulizoea ndani ya siku tatu.

Kwa mihogo, chunguza udongo. Ukiwa umefukuliwa eneo pana kama umelimwa kwa jembe butu, nguruwe pori wamepita, na walikuja kundi. Shimo jembamba kando ya shina, na muhogo una mikwaruzo mipana ya meno mawili, ni nungunungu; huenda ukaokota mwiba wake. Mmea unaonyauka huku udongo wa juu haujaguswa, na kuna vichuguu vidogo vya udongo mbichi karibu, ni fuko anayekula kutoka chini.

Nguruwe huzuiwa na uzio wa miti iliyobanana chini au handaki, na zaidi ya hapo na mtu kwenye dungu, yaani kile kibanda cha kulindia shamba. Usilinde peke yako. Kulala kwenye dungu lililo chini, bila moto na bila mwenzako, ndiko kulikowaponza wengi. Mtego wa waya nao ni hatari: hunasa ng'ombe wa jirani na mbwa wako, na kunasa mnyamapori bila kibali ni kosa kisheria.

Kando ya mto, ukiona mpunga umelalishwa kwa njia pana yenye michirizi miwili na mstari wa majani katikati, huyo ni kiboko. Usijenge dungu kwenye njia hiyo na usisimame kati yake na maji.

Nyoka ameonekana nyumbani, au ameuma mtu

Aliyeonekana amefuata panya, vifaranga au ubaridi wa matofali yaliyorundikwa. Sogeza kuni na matofali mbali na ukuta, ziba matundu, funga chakula vizuri. Mafuta ya taa yanayomwagwa kuzunguka nyumba usiyategemee. Chomeka chandarua chini ya godoro, tembea na tochi, vaa gambuti unapovuna. Kifutu, ambaye wengine humwita moma au bafe, ni mnene na mfupi, hulala tuli njiani na hakimbii ukimkaribia. Ndiyo maana hukanyagwa. Koboko ukimwachia njia ataondoka, kwa hiyo usisimame mlangoni.

Macho yakiwaka baada ya nyoka kurusha mate, ni swila. Osha macho kwa maji mengi safi, dakika 15 hadi 20, ukiyafungua kwa vidole. Usiyasugue, usitie dawa ya majani, nenda hospitali hata maumivu yakipungua, maana jicho linaweza kupata kidonda.

Mtu akiumwa, yapo mambo ambayo sisi wenyewe tumeyafanya na yameleta madhara: kuchanja wembe, kunyonya damu, kufunga kamba kwa nguvu, kubandika jiwe jeusi na kusubiri. Kamba iliyokaza hukata damu, na mguu uliovimba kwa sumu ya kifutu huoza haraka zaidi. Badala yake vua pete, bangili na viatu, mlaze atulie, funga mguu au mkono kwenye ubao usichezecheze, na mpeleke hospitali. Kwa bodaboda akae katikati ya watu wawili. Piga simu kwanza uulize kama kuna sindano ya kuzuia sumu ya nyoka. Zahanati nyingi hazina, na kupitia tatu kabla ya kufika penye dawa kunapoteza saa ambazo mgonjwa hana. Usimfukuze nyoka ili umpeleke. Picha ya mbali inatosha, na hata bila picha daktari hutibu kwa dalili.

Kope zikianza kulegea, sauti kubadilika au kumeza kukawa kugumu, hali ni ya dharura: sumu imefika kwenye misuli ya kupumua. Mgeuze alale ubavu na msisimame popote njiani.

Ameumwa au ameparuliwa na mbwa, mbweha, fisi au nyegere

Osha kidonda papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili ukiangalia saa, hata kama kidonda ni kidogo. Kisha nenda ukaanze chanjo ya kichaa cha mbwa siku hiyohiyo, na ukamilishe sindano zote. Usisubiri kuona kama mbwa atakufa. Dalili za kichaa zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mara huishia kwenye kifo, na chanjo haisaidii tena. Mbweha anayeingia kijijini mchana bila woga, au fisi anayeng'ata magurudumu na miti, achukuliwe kuwa mgonjwa mpaka ithibitike vingine. Ng'ombe aliyeumwa naye mtoe kwenye kundi, mwarifu afisa mifugo, na maziwa yake yasinywewe.

Tembo wamepita shambani

Ukisikia matawi yakivunjika usiku, baki ndani. Ukikutana nao njiani, rudi nyuma polepole, usipite kati ya mama na mtoto, na weka mti mkubwa kati yako na wao. Kuwarushia vijinga vya moto na mishale ndiko kunakozaa tembo mwenye kinyongo anayeua mtu mwingine wiki inayofuata.

Walinzi wakiwa wengi na mbali, tochi kali, madebe na honi hufaa kama vinatumiwa kwa zamu, kwani tembo huzoea. Uzio wa pilipili ni wa bei ndogo: nguzo, kamba za katani, na vitambaa vilivyolowekwa kwenye oili chafu iliyochanganywa na pilipili kali iliyosagwa. Baada ya mvua kubwa loweka upya. Wengi husahau hapo, kisha wanasema haufanyi kazi.

Uzio wa mizinga ya nyuki, uliojaribiwa na mtafiti Lucy King na wakulima wa Sagalla karibu na Tsavo Mashariki nchini Kenya, nauamini zaidi, na kwenye ukingo wa Udzungwa tumeuona. Mizinga huning'inizwa kila mita 10 kwenye waya mmoja. Tembo akisukuma waya, mizinga yote inatikisika na nyuki wanatoka. Kasoro yake ni kwamba mzinga mtupu haumtishi tembo. Wakati wa kiangazi wawekee nyuki maji, la sivyo watahama. Usiuweke karibu na nyumba, njia ya shule au mahali mbuzi wanapofungwa.

Mazao yakishaharibiwa, usivune mabaki wala kulima upya kabla ya tathmini. Kwa Tanzania, mtendaji wa kijiji apewe taarifa siku hiyohiyo kwa maandishi, nawe ubaki na nakala. Afisa wanyamapori wa wilaya na afisa ugani ndio wanaokuja kupima eneo na kujaza fomu. Malipo ya mazao na mifugo huitwa kifuta jasho, ya kifo au majeraha huitwa kifuta machozi. Yaliwekwa na kanuni za mwaka 2011, na serikali yenyewe husema kwamba si fidia, kwa hiyo usitarajie thamani kamili ya gunia zako. Kenya, taarifa hupelekwa kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Pima hatua za eneo lililoharibiwa wewe mwenyewe kabla hawajafika, piga picha za nyayo, kinyesi na mimea iliyong'olewa, na waombe majirani wawili watie sahihi kwenye karatasi yako, kwa sababu afisa akifika baada ya siku nne mvua itakuwa imeshafuta nyayo zote.